Prosesa ya Wivu

Kilichomuudhi Fundi si kwamba mkewe alileta kompyuta karakanani. Kilichomuudhi ni mikono iliyoibeba.

Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe, aliingia mlangoni kiubavu huku amelikumbatia lile kasha kubwa jeusi kama mtu aliyekabidhiwa kichanga wodini. Nyuma yake alikuja mkewe Fundi, mkoba begani, akimwelekeza: "Taratibu hapo, kuna ngazi." Lakini manukato ya yule bwana yaliwatangulia wote. Yalienea juu ya meza, yakaishinda hata harufu ya risasi ya kulehemu.

"Weka hapa," Fundi alisema, akisogeza redio aliyokuwa ameipasua tumbo.

Yule bwana aliliweka kasha, akajifuta mikono, akanyoosha mmoja. "Shemeji, habari za kazi?"

Shemeji! Fundi aliushika ule mkono kama mtu anayeshika waya asiojua kama una umeme. Shemeji wa wapi? Mkewe alikuwa na kaka wawili, wote anawajua, na hakuna hata mmoja anayenukia bustani.

"Huyu ndiye mwenzangu wa ofisi ya jirani niliyekwambia," mkewe alisema. "Anashughulika na picha za setilaiti."

"Uliniambia mzee mmoja."

"Nilisema mtu mmoja. Uzee umeutia wewe."

Tangu dakika ile, moyoni mwake Fundi alimwita Manukato, na jina lingine la yule bwana hakujishughulisha kulijua.

Kasha lenyewe Fundi alilijua kuliko alivyojua kiganja chake. Aliliunda zamani, mkewe akiwa bado anasoma, kwa vipande alivyookota kimoja kimoja: mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kutoka ofisi iliyofungwa, feni kutoka kwa mteja aliyehama, diski aliyoifufua baada ya wengine kuikatia tamaa. Wanaume wengine hutongoza kwa maneno matamu. Yeye maneno hayakuwa fungu lake, akatongoza kwa mazabodi. Mwanamke alikubali, wakaoana, na kompyuta ile ikaenda naye, ikaandikishwa kuwa mali ya taasisi alikoajiriwa kuchunguza maji ya chini ya ardhi. Huko wenzake walimpachika jina la Mama Visima, maana hata akikutana na mtu harusini swali lake la kwanza ni kisima cha kwao kina urefu gani.

"Haya, inaumwa nini?" Fundi aliuliza.

"Nikiipa hesabu kubwa, inakwama," Mama Visima alisema. "Naiacha asubuhi, nikirudi jioni naikuta palepale, kama nimeifunga kamba. Na mamlaka ya maji inaningoja. Wanataka kuchimba visima virefu kule pembezoni mwa mji, na mimi ndiye ninayepaswa kuwaambia kama vile vifupi vya wananchi vitakauka. Nikichelewa, watachimba bila kungoja jibu."

"Taasisi inasemaje?"

"Imetoa fungu. Dogo. Linatosha kununua kitu kimoja cha maana, si viwili. Ofisi ya manunuzi inataka fundi aandike ni kitu gani, atie saini. Wakishanunua wamenunua. Hawarudishi, hawabadilishi."

Manukato alikohoa kidogo. "Mimi nilimwambia aongeze kadi ya picha, zile kubwa. Kazi zangu zilikuwa zinanikalia kooni wiki nzima. Tangu niweke kadi, zinaisha kabla sijamaliza chai."

"Na mimi nikakwambia programu yangu ni ya kizamani, haijui hata kadi ni mdudu gani," Mama Visima alisema. "Nitaiweka humo iwe pambo."

Manukato alicheka mpaka magego yakaonekana. "Basi nimeanguka. Mwenye kazi ndiye anayejua kazi yake."

Fundi alimtazama kwa chuki iliyomshangaza mwenyewe. Angalau angenuna! Mtu anashindwa mbele ya mwanamke, na bado anacheka, na kicheko kinampendeza.

"Prosesa," Fundi alisema.

"Hujaiwasha hata," mkewe alisema.

"Ya nini kuiwasha? Niliiunda mimi. Prosesa yake imezeeka."

"Na wewe umezeeka. Nikubadilishe?"

Manukato aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Chumba cha pili, ambako dada mkubwa wa Fundi alikuwa na cherehani yake, mashine ilisimama ghafla, kikasikika kicheko cha mwanamke mtu mzima. Ukuta ule ulikuwa mbao tupu, hauna siri.

Mama Visima hakucheka. Alitoa flashi mkobani, akaiweka juu ya meza mbele ya mumewe. "Msinikisie, tafadhali. Humu kuna mafaili mawili. Moja ni kipande kidogo cha kujaribia. Jingine ni bonde zima, ndiyo kazi yenyewe. Ijaribu kwa hiyo, uone inakwamia wapi, uniambie. Nataka jibu lako. Ningetaka la mtu mwingine nisingepanda mpaka huku."

Mtu mwenye akili zake angeyaweka maneno yale mfukoni, akaenda nayo nyumbani akichekacheka peke yake. Fundi alisikia moja tu, "mtu mwingine", likamganda sikioni. Aliwasindikiza kwa macho hadi barabarani. Walitembea wameachana hatua moja. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Na hilo nalo lilimtia shaka: mbona wanajihadhari hivyo?

"Mdogo wangu," dada yake aliita kutoka upande wa pili wa mbao, "yule bwana mrefu nguo zake anashonewa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Nimetazama mishono tu, usinitolee macho."

"Huwezi kuniona, dada."

"Nakujua. Umeyatoa."

Fundi alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kasha. Hapo ndipo roho ilipomruka. Ndani mlikuwa safi. Hakuna vumbi kwenye feni, hakuna utando pembeni. Na nyaya, ambazo siku zote alizifunga yeye kwa vipande vya mpira wa baiskeli, zilikuwa zimekusanywa vizuri na kukazwa kwa vibano vyeupe vya plastiki, vipya, ncha zimekatwa sawasawa.

Mtu mwingine alikuwa ameingiza mikono humu.

Alikaa. Alihisi kama mwenye nyumba aliyerudi safari akakuta kiti chake kimesogezwa na mto una umbo la kichwa kisicho chake. Najua kuna watakaosema, vibano vya plastiki tu hivyo. Waache waseme. Mtu asiyewahi kuunda kitu kwa mikono yake akampa mtu ampendaye, hawezi kuelewa.

Jioni, mezani, watoto walipokwisha kula na kutawanyika, Fundi alijitia hamnazo. "Ile mashine yako. Nimeikuta safi."

"Enhe."

"Nani aliifungua?"

"Mimi." Mama Visima aliendelea kutafuna. "Feni ilikuwa inakoroma."

"Nani kakufundisha?"

"Baba watoto, nimekaa na wewe miaka yote hii. Ulidhani nilikuwa natazama dari?"

Neno zuri, na Fundi alianza kulegea. Karibu acheke. Lakini ulimi una shida zake. "Na vile vibano vyeupe?"

"Hivyo alinipa mwenzangu. Ana pakiti nzima."

Chakula kilimwishia hamu. Alisema ameshiba, akaenda kusimama uani akiangalia tangi la maji kana kwamba ndilo lililomkosea.

Kesho yake alianza kujaribu. Kabatini alikuwa na prosesa moja nzuri ya mteja aliyeiacha iuzwe, inayokubaliana na ile mazabodi. Aliipachika, akaiwasha mashine, akafungua lile faili dogo. Hesabu zilikimbia kama zimefukuzwa. Alirudisha prosesa ya zamani, akajaribu tena: zikatambaa. Akapiga kofi juu ya paja. Si alisema? Aliona kwa macho ya moyo sura ya Manukato ikipokea habari ile, na safari hii haikuwa inacheka.

Angeweza kuishia hapo. Alitaka kuishia hapo. Ila alikuwa fundi kabla hajawa mume, na tabia ya mkono ni ngumu kuibadili. Alirudisha ile prosesa nzuri, akaifungulia kazi yenyewe, bonde zima.

Mwanzo ilikwenda. Halafu taa ndogo ya diski, ile nyekundu, ikawaka na haikuzima tena. Diski ikaanza kusaga kwa ndani, krr, krr, krr, kama mtu anayetafuna mifupa. Fundi alifungua dirisha la kupimia. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Prosesa, ile nzuri, aliyokuwa akiisifia, ilikuwa imekaa bure inangoja. Mashine ilikuwa inatupa hesabu zake diskini kwa kukosa pa kuziweka, inazivuta tena, inazitupa tena. Ni kama mpishi hodari umpe meza yenye upana wa kiganja: kila akitaka kukata kitunguu, sharti kwanza apeleke nyanya stoo. Umletee mpishi mwingine mwenye mikono mepesi zaidi, atafanya nini? Atangoja kwa wepesi zaidi. Mpe meza pana.

RAM. Ilikuwa RAM tu, tangu mwanzo. Prosesa ya zamani ingeendelea kujikongoja vizuri kama ingepewa nafasi ya kuweka vitu vyake.

Fundi hakuona aibu hata kidogo. Alifurahi, maana hilo lilikuwa jibu, na jibu lilikuwa lake. Alianza kupanga atakavyolisema. Angemweka mkewe kwenye kiti, amwonyeshe taa, amwache asikilize diski, ndipo atamke. Alitafuta kalamu ya kuandikia karatasi ya manunuzi.

"Hodi hapa!"

Manukato yalimfikia kabla hajainua kichwa.

"Nilikuwa napita, shemeji. Sikai." Yule bwana alisimama mlangoni, mikono mfukoni, mpole kama mgeni wa msiba. "Jana nilipofika nyumbani nikajicheka kwa ile habari ya kadi. Nimefikiri, nikaona bonde zima lile ni kubwa mno, haliwezi kuenea. Nadhani ni RAM tu. Mimi kwenye vyuma ni mbumbumbu, utaniambia wewe. Nilimtajia mwenzangu asubuhi, akasema tumngoje fundi."

Nyuma ya Fundi diski iliendelea kusaga. Fundi aliunyoosha mkono taratibu, akazima kioo.

Alimtajia. Asubuhi! Kwa hiyo Fundi akiandika RAM, mkewe atasema nini? Atasema, kumbe mwenzangu alikuwa sahihi. Atalisema mezani mbele ya watoto. Atalisema kwa wema, bila nia mbaya, na hilo ndilo litakalouma. Jibu alilolitoa mwenyewe kwa macho na masikio yake lilikuwa limegeuka makombo ya mtu mwingine.

"Hapana," alisema. "Ni prosesa."

"Kweli?"

"Nimeijaribu. Karibu tena."

Manukato aliinamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake. Fundi aliandika "prosesa" kwa herufi kubwa, akatia saini, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mchana mkewe alipiga simu. Nyuma yake kulisikika upepo na kelele za ndoo. Alikuwa kisimani anapima.

"Umeijaribu kwa bonde zima?"

"Nimeijaribu."

"Enhe?"

"Prosesa."

"Mwenzangu alidhani RAM."

"Mwenzako anadhani mengi."

"Haya." Na sauti yake ikawa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. "Wewe ndiye fundi. Napeleka karatasi leo."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishika. Angeweza kumpigia palepale. Alijiambia atampigia akimaliza ile redio. Redio ikaisha, akajiambia atamweleza nyumbani. Nyumbani mkewe alikuwa anaimba jikoni kwa mara ya kwanza tangu mashine ianze kukwama, na mwanamume gani anaingia jikoni kuuzima wimbo?

Prosesa ilikuja ndani ya boksi linalong'aa. Fundi aliipachika, akapaka ile dawa ya kupoza joto, akafunga feni juu yake. Mikono yake ilifanya kila kitu inavyopaswa.

"Mbona unaifunga kama unaosha maiti?" dada yake aliuliza. Safari hii alikuwa amekuja hadi mlangoni, futi shingoni.

"Niache nifanye kazi."

"Wifi yangu kashinda, kapata kitu kipya. Wewe umenuna. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Fundi alirudisha ubavu wa kasha, akakaza skrubu. Dereva wa taasisi alikuja kuichukua mashine. Fundi aliibeba mwenyewe hadi garini, hakumruhusu hata aiguse.

Mama Visima alikuja siku iliyofuata, peke yake, kwa miguu. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa simu, akamwonyesha picha aliyoipiga kwenye kioo cha mashine yake. RAM imejaa hadi ukingoni, prosesa imekaa bure.

"Uliona hivi?"

Fundi aliangalia picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nakuuliza. Ulipoijaribu kwa bonde zima, uliona hivi?"

"Niliona."

"Ukajua ni nini?"

"Nilijua."

Kule ng'ambo ya mbao cherehani ilikuwa imenyamaza kimya.

"Kwa hiyo si kwamba ulikosea," Mama Visima alisema. "Ungekosea ningekuelewa. Mimi nakosea kila siku, ndiyo kazi yangu. Kwa nini?"

Fundi alitafuta uongo, akakosa unaomtosha. "Yeye alikuwa ameshasema RAM."

"Nani?"

"Huyo wako."

Alitegemea machozi, au makelele. Mama Visima alimtazama tu, kama anavyotazama kisima akisubiri kamba igonge chini. "Huyo wangu," alirudia. "Watu wanasubiri kujua kama watoto wao watakuwa na maji, wewe unashindana na mtu ambaye hajui hata kama kuna mashindano."

"Nitanunua RAM kwa hela yangu. Leo hii."

"Uitie kwenye mali ya taasisi? Wataniuliza mbona fundi mwenyewe alisaini kitu kingine. Nitawajibu nini? Kwamba mume wangu alinusa marashi?"

Mbao ilikohoa.

"Nitahamia kwenye mashine yake," Mama Visima alisema, akisimama. "Aliifungia RAM nyingi kwa ajili ya zile picha zake. Itafanya bonde zima bila kukwama. Nitakaa ofisini kwake mpaka hesabu ziishe."

"Ofisini kwake? Na yeye atakuwa wapi?"

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka. "Katika yote niliyokwambia, hilo ndilo unalouliza?"

Basi Fundi aliyapata aliyoyaogopa, na aliyapata kwa saini yake mwenyewe. Kila siku mkewe alitoka asubuhi kwenda kukaa kwenye kiti cha Manukato, mbele ya kioo cha Manukato. Siku ya kwanza Fundi alivumilia. Siku ya pili alifunga karakana mapema, akaenda taasisi, akajifanya amepitia. Akaukuta mlango wa ofisi umerudishwa, na nje yake, kwenye benchi la korido, Manukato amekaa na rundo la karatasi za wanafunzi mapajani, anasahihisha.

"Karibu, shemeji. Kanifukuza. Anasema nikipumua anapoteza hesabu."

Fundi alikaa mwisho mwingine wa benchi. Ndani zilisikika herufi zikibonyezwa kwa kasi, zikinyamaza, zikianza tena. Alizijua. Ndivyo alivyobonyeza mkewe tangu zamani, usoni amekunja ndita, miguu amevua viatu. Sasa anavua viatu chini ya meza hii.

Mlango ulifunguka. Mama Visima alitoka na kikombe kitupu, nywele zimesimama, uso wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Imetoka," alisema, bila kusema na yeyote kati yao. "Vifupi vitakauka, karibu vyote vya upande wa chini. Virefu wavisogeze mbali na kule wanakotaka kuchimba. Kesho asubuhi napeleka." Ndipo akamwona mumewe. "Umekuja."

"Nilikuwa napita."

"Mwaka ujao fungu likitoka," Mama Visima alisema taratibu, "nitachagua mwenyewe. Wewe utafunga."

"Sitakushauri?"

"Utafunga."

Aliingia tena, akaurudisha mlango. Hakusema kwa ukali. Fundi angeshukuru kama angesema kwa ukali. Kwa miaka yote, kitu kikiharibika yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kwanza, na jibu lake ndilo lililokuwa la mwisho. Sasa alikuwa amebaki na bisibisi.

Manukato aliiweka kalamu. Alikuwa amesikia yote, akajifanya anasoma. Baadaye, labda kwa huruma, labda kwa kukosa la kusema, akauliza, "Shemeji, na mimi hii yangu, ungenishauri niongeze nini?"

Neno lilimjia Fundi mdomoni lenyewe, tayari, limeiva. Prosesa. Ile ya bei mbaya kuliko zote. Alimtazama yule bwana, kola imesimama, uso hauna hila yoyote, akalimeza lile neno, likashuka kwa tabu.

"Sijui," alisema. "Mpaka niione ikifanya kazi yako."

"Basi siku moja uje."

"Nitakuja."

Na alimaanisha atakuja. Lakini hakusogea kutoka mwisho wa benchi, wala hakuondoa macho mlangoni.